Duara la Kwanza Lilikuwa Mama Yangu

Nina miaka thelathini na tatu, nina mtoto mmoja wa kiume, mume sina tena, na naishi Morogoro Mjini, upande wa Kilakala, kwenye chumba na sebule ya kupanga. Mimi ni mtu wa kawaida tu, ndugu wasomaji, ila utulivu sina. Tangu yanipate haya siwezi kukaa. Nikikaa nanyanyuka, nikinyanyuka nasahau nilichonyanyukia. Jirani yangu huniuliza, "Mama Hamisi, sakafu hiyo hiyo unaipiga deki mara ngapi?" Namjibu vibaya, halafu namfuata kumwomba radhi.

Hata haya nayaandika nikiwa wima, karatasi nimeiweka juu ya friji. Nivumilieni.

Mimi ni Mluguru wa mlimani. Kwetu mtoto ni wa mama. Ukoo, sisi tunauita lukolo, unafuata upande wa mama, shamba linafuata upande wa mama, na mkubwa wenu si baba, ni mjomba. Kwa hiyo ukimharibia mama yangu jina, umeniharibia mimi mahali pa kulima na mwanangu mahali pa kuzikwa. Nataka mlielewe hilo kwanza.

Mama yangu, Bi Tatu, alikuwa kungwi. Kijijini kwetu alibaki yeye peke yake, wenzake walikuwa wamekufa au magoti yamekataa. Binti akivunja ungo akawekwa ndani, ni mama aliyemfunda, na siku ya kumtoa mwali ni mama aliyeongoza ngoma mbele ya watu. Alikuwa na maneno huyo mama! Mwanamume mzima alikuwa anabadili njia akimwona, maana angemtania mpaka aombe maji.

Ulipoingia ule ugonjwa, mwaka ule wa kwanza watu wanaogopa hata kuutaja, wa kwanza kuugua kwetu nilikuwa mimi. Nilikuwa huku mjini, nimetoka kujifungua. Homa, kifua kimebana, chakula nakiona kama majani makavu. Hospitali waliniambia nina changamoto ya upumuaji. Mume wangu alihamia kwa kaka yake "mpaka hali itulie". Hali ilitulia, yeye hakurudi mpaka leo.

Aliyekuja ni mama. Alishuka toka mlimani na kikapu cha magimbi na mafurushi ya majani, akanipigisha nyungu. Mnaijua nyungu? Sufuria la maji ya moto lenye majani, unajifunika blanketi, unavuta mvuke. Mimi nilikuwa sina nguvu ya kukaa peke yangu, basi mama aliingia humo humo chini ya blanketi akanishika mgongo, uso wake na uso wangu, asubuhi na jioni. Nikapona. Nilipoanza kula, yeye akaanza kukohoa.

Na huko mlimani kulikuwa na mwali anasubiri kutolewa, mjukuu wa mjomba wangu Kibwana. Watu wameshaalikwa, togwa imeshapikwa. Nilimsihi mama asubiri apone. Akasema mwali hatolewi bila kungwi wake, tangu lini? Akapanda bodaboda mpaka barabara inapoishia, kule kwingine akapandisha kwa miguu, na homa yake mwilini.

Alicheza. Aliimba. Togwa ilipokuja, yeye na kaka yake walipokezana kata moja, kama walivyozoea tangu utoto wao. Baada ya ngoma ile kijiji kizima kilikohoa. Wazee kadhaa walikwenda, mjomba Kibwana akiwa mmoja wao.

Mjomba alizikwa haraka haraka. Watu wachache, kila mtu kivyake, msibani hakulala mtu. Na watani hawakuja. Kwetu mtani ndiye anayeuweka msiba sawa. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anayasema mabaya yake mbele ya wafiwa, na huruhusiwi kukasirika. Ukicheka tu, donge limetoka. Mjomba wangu hakutaniwa na mtu. Alifukiwa na donge likabaki vifuani mwa watu.

Miaka ikapita. Nikapata kazi.

Ilikuja taasisi moja, sitaitaja, ikifanya utafiti wa jinsi ugonjwa ulivyosambaa kwenye vijiji vya Uluguru na ulichowaachia watu. Walitaka wahoji wanaojua Kiluguru, maana bibi zetu ukiwauliza mambo ya mauti kwa Kiswahili wanakujibu "tunamshukuru Mungu" wanafunga mlango. Nikachukuliwa. Msimamizi wetu alikuwa Fausta, binti wa watu kutoka bara huko, msomi, anakaa Mazimbu, ana heshima zake. Shikamoo zake hazikuwa za kubabaisha. Tulipanda milima pamoja, tulilala kitanda kimoja kwenye nyumba za watu, viatu vyangu vilipochanika alinipa vyake akavaa kandambili. Nilimpenda. Naandika hivyo bila aibu, nilimpenda kama dada.

Zamu ya kijiji chetu ilipofika, sheria ilinikataza kuhoji ndugu zangu. Nikakubali, nikaenda kuhoji ng'ambo ya mto. Lakini Fausta alilala kwa mama. Angelala wapi? Mimi mwenyewe nilimpeleka, nikamwambia mama, "Huyu ni mwanao." Mama akamfanya mwanawe hapo hapo. Alimpa kigoda cha jikoni, siyo kiti cha sebuleni. Kwetu aliyepewa kigoda cha jikoni si mgeni tena.

Jioni ile walikuwa wanamenya magimbi. Fausta hakuwa na karatasi mkononi, alikuwa na kisu. Akamuuliza mama, kwa upole kabisa, "Mama, na wewe uliumwa kipindi kile?" Na mama yangu, na mdomo wake ule, akamsimulia yote. Kwamba alitoka mjini na homa. Kwamba alicheza mwali nayo. Kwamba walikunywa kata moja na Kibwana, na mpaka leo akiona kata roho inamwuma. Yalikuwa maneno ya jikoni, mama anamwambia bintiye.

Kitu kimoja tu hakukisema. Hakusema kwamba homa aliitoa kwangu. Fausta alipomwuliza aliipata wapi, alijibu, "Njiani huko, mwanangu, nitajuaje?"

Fausta aliniambia yote tuliposhuka. Macho yalikuwa yanamng'aa. Alisema ni mara ya kwanza wanaona njia ya ugonjwa kwa uwazi namna ile, kutoka mtu mmoja mpaka kijiji. Mimi nilisimama katikati ya njia nikamshika mkono. Nikamwambia Fausta, hayo hukuyahoji, umeambiwa. Usiyaandike. Akanitazama, akasema, "Mama Hamisi, mama yako ni mama yangu. Jina lake halitaonekana popote, nakuapia."

Nikaamini. Ningekosaje kuamini? Viatu vyake nilikuwa navyo miguuni.

Utafiti ulipokwisha ikaja siku ya mrejesho. Yaani watafiti wanarudi kijijini kuwaeleza watu walichokigundua, ili wasiseme tumekuja tukachukua maneno yao tukapotea nayo. Jambo zuri kabisa. Uwanja wa shule ulijaa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, shehe alikuwepo, wazee walikaa mbele. Mama alikuja na kitenge chake kipya, akakaa karibu na wifi yake Mwajuma, mjane wa mjomba Kibwana. Walikuwa marafiki hao, walichangia hata ugoro.

Fausta akatundika shuka kubwa lenye mchoro. Maduara, na mistari inayotoka humo kwenda kwenye maduara mengine, mfano wa mzizi wa muhogo uliong'olewa. Hakuna jina hata moja. Akaanza kueleza, kwa Kiswahili safi, na sauti yake nzuri.

Akasema, duara la kwanza ni mwanamke mtu mzima aliyetoka mjini akiwa na dalili. Akasema, mwanamke huyu ana jukumu maalumu katika sherehe ya kumtoa mwali. Akasema, duara la pili ni mwanamume wa ukoo wake, waliyetumia naye chombo kimoja.

Jamani... kungwi alikuwa mmoja! Kijiji kizima kungwi ni mmoja! Hapo ulihitaji jina la nini?

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Vichwa viligeuka tu, kimoja kimoja, kuanzia wazee wa mbele. Bi Mwajuma alikusanya khanga yake, akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mzima kati yake na mama.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na fulana ya utafiti. Sijui miguu ilinifikishaje mbele. Nikasema kwa sauti, kwa Kiluguru na kwa Kiswahili, kwamba huyo si wa kwanza. Wa kwanza ni mimi. Mimi ndiye niliyeugua mjini, mama alikuja kuniuguza, akaipata chini ya blanketi langu. Kama kuna wa kulaumiwa nilaumiwe mimi.

Mama akasimama. Mnajua alifanya nini? Alicheka kidogo, akawaambia watu, "Mwanangu ana uchungu, msimsikilize. Alikuwa mzazi tu, hakuumwa. Kikohozi nilikiokota njiani." Akanivuta fulana. "Kaa chini, Zuhura."

Nilibishana naye pale pale mbele za watu, naye akazidi kunikana. Baadaye nyumbani nilimfokea, nikamwuliza kwa nini amesema uongo. Akanijibu taratibu kwamba yeye shamba ameshalilima, mimi bado. Kwamba akichukiwa yeye, chuki itakufa naye. Nikichukiwa mimi, itamrithi Hamisi. Hilo ndilo jibu alilonipa, akaendelea kupepeta mchele.

Fausta nilimfuata kwenye gari. Akasema hakutaja jina. Alikuwa analia kweli, na alikuwa anashangaa kweli, hilo sitamnyima. Alisema alifuata taratibu zote. Nikamvulia viatu vyake hapo hapo, nikaviweka kwenye boneti, nikarudi juu peku. Na kazi nikaiacha siku hiyo hiyo.

Sasa ndipo mateso yalipoanza.

Hakuna aliyemtukana mama. Kwetu watu hawana haja ya kukutukana. Walimsalimia, wakapita. Binti wa jirani alivunja ungo, wakamleta kungwi kutoka kijiji cha chini. Msiba ulipotokea, mama alikwenda na ungo wake kupepeta mchele kama kawaida, wakamwambia kwa adabu, "Pumzika, Bi Tatu, watu tumetosha." Alikaa kivulini mpaka mazishi yakaisha, akarudi na ungo wake mtupu. Akikohoa kwa moshi wa kuni, wanawake waliokaa karibu walinyamaza.

Nami nikawa mtu wa njiani. Leo mjini, kesho mlimani. Nikiwa mjini nasikia mama analia, nikiwa mlimani naona mtoto amekosa shule. Nilimwomba ashuke tuishi wote. Akakataa. Akasema akishuka atakuwa amekubali. Nilikwenda kwa Bi Mwajuma nikapiga magoti. Alinipa maji ya kunywa, akaniambia hana neno na mtu, akaendelea kuchambua maharage. Nilikwenda kwa mwenyekiti, akasema serikali haiwezi kulazimisha watu kupendana. Kila nilipogonga, mlango ulikuwa wazi, watu wake wamefunga.

Mama akaanza kukonda. Alikuwa na presha ya siku nyingi, dawa akawa anaziruka. Ile midomo yake ikanyamaza. Mimi nilikuwa napiga kelele kwa niaba yetu wote wawili, naye ananitazama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Alifariki asubuhi, ameketi jikoni, kigodani. Nilikuwa nje nachota maji. Niliporudi nikadhani amesinzia...

Nilipiga yowe kama inavyotakiwa. Kwetu yowe la msiba likitoka, watu wanaacha jembe shambani. Siku ile nilipiga yowe likagonga mlima wa pili likarudi peke yake. Alikuja shehe. Alikuja mwenyekiti. Wanaume wawili watatu walisimama barabarani, hawajui waingie au wapite. Mwanamke hakuja hata mmoja. Na maiti ya mwanamke inaoshwa na wanawake. Nitamwosha mama yangu na nani? Nani atashika upande wa pili? Nilizunguka ile nyumba, naingia, natoka, nahamisha mikeka, nafagia uani palipokwisha kufagiliwa. Shehe aliniambia nikae. Nikamwambia shehe, kaa wewe.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipomsikia mtu anakohoa njiani. Kikohozi kikubwa, cha makusudi. Kho, kho, kho!

Alikuwa Bi Chausiku, mtani wa ukoo wetu. Bibi mfupi, mnene, kajipaka majivu usoni. Alinipita kama hanioni, akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha mama, kile cha siku ya mrejesho, amekifunga vile vile mama alivyokuwa anakifunga, na fundo la ubishi kiunoni. Akachukua ungo akaupiga kama ngoma. Akaanza kucheza uani, nyonga za mama yangu zile zile, mikono ile ile, na kila baada ya hatua anakohoa.

"Tokeni, tokeni, kungwi nimefika! Kho! Mwali wangu yuko wapi? Kho! Kibwana, kaka yangu, njoo unywe, nimekuletea zawadi kutoka mjini!"

Shehe alitazama pembeni. Nilitaka kumrukia yule bibi, lakini mtani harukiwi.

Kwenye migomba nyuma ya nyumba nikaona khanga. Kisha nyingine. Walikuwepo! Wanawake walikuwa wamesimama kwenye migomba muda wote, wamesikia yowe langu, wameshindwa kuvuka.

Bi Chausiku akaja kunishika mimi sasa. Akanivuta, akanifunika kichwa kwa kile kitenge, akanibana kwapani mwake, akawageukia watu kwa sauti ya mama kabisa, "Huyu? Huyu hakuumwa huyu! Kikohozi nilikiokota njiani, kilikuwa kimelala kwenye majani nikadhani uyoga!"

Mtu akacheka.

Alikuwa Bi Mwajuma. Alicheka huko kwenye migomba mpaka akainama, kisha kicheko kikamgeuka akawa analia, akatoka mbio akiita, "Wifi yangu! Wifi yangu!" Akaingia ndani akamwangukia. Wengine wakafuata. Uani pakajaa. Kumbe walijua. Tangu siku ya mrejesho walijua kwamba mama anamficha mwanawe, na kila mwenye mtoto alimwelewa, ila hakuna aliyekuwa na mlango wa kurudia.

Tulimwosha mama pamoja. Bi Mwajuma ndiye aliyeshika kichwa.

Fausta naye alikuja, sijui nani alimwambia. Alikaa mwisho wa mkeka, uso umevimba. Bi Chausiku hakumwacha. Alimwendea na ungo, akamwambia, "Na wewe fundi wa maduara, hesabu watu wote hawa, kisha chora. Mstari unatoka kwa nani?" Watu wakacheka tena. Fausta alifunika uso kwa viganja. Mimi sikucheka, na mkono sikumpa. Siku moja huenda nikampa, bado.

Wakati wanaume wananyanyua jeneza nilimwuliza Bi Chausiku kwa nini hakuja mapema. Kwa nini hakumtania mama yangu akiwa hai, akiwa amekaa kivulini na ungo mtupu? Angecheka, mama yule! Angemjibu maneno ya kumvunja mbavu! Bibi alijifuta majivu kwa ncha ya kitenge. Akaniambia, "Nilikuwa naona haya, mwanangu. Na kila siku nilisema kesho."

Wasomaji wenzangu, sina chuki na utafiti. Mwanangu akiugua nataka pawe na mtu aliyeuchunguza ugonjwa. Lakini ninyi mnaokwenda kwa watu kuuliza, ukipewa kigoda cha jikoni, ukakubali kukikalia, basi uliyoambiwa hapo yaache hapo, au rudi uombe upya mchana kweupe. Na msijidanganye kwamba mkificha jina mmemficha mtu. Vijijini kwetu tunatambuana kwa kikohozi.

Na wewe mwenye mtu unayempita njiani ukimsalimia kwa adabu, unajua nani ninayemsema, unajua na kosa lake. Nakusihi, nenda. Nenda leo, mtanie, mtukane ikibidi, mle chakula. Usingoje uvae nguo zake.

Kitenge cha mama nilirudishiwa baada ya arobaini. Nimekifua mara nyingi, harufu ya majivu haitoki. Mlimani shamba letu lipo, Bi Mwajuma ananilindia, na juzi ametuma salamu kwamba kuna binti amevunja ungo na watu wananitaja mimi niwe kungwi wake. Sijamjibu. Hamisi ananiuliza kila siku tunapanda lini, nami kila siku nimekuwa nikimwambia kesho. Nimeandika mpaka hapa, nimejisoma, na sasa nakwenda kufunga mizigo.